Mwongozo wa kunasa setilaiti ndogo za wanafunzi ukiwa Nairobi

Maswali ambayo wanafunzi huniuliza kuhusu kunasa mawimbi ya setilaiti ndogo ni yaleyale kila muhula. Je, nahitaji leseni? Lazima niwe na dishi? Nimenunua dongo, kile kipokezi kidogo cha redio cha USB, mbona sisikii kitu? Na lile linalokuja mara nyingi zaidi: nianzeje kujenga setilaiti yangu? Majibu yametawanyika vipande vipande, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anayeishi Nairobi anaweza kuufuata kuanzia kununua waya hadi kuwapelekea wajenzi wa setilaiti data aliyoinasa mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu: anza kwa kusikiliza, kujenga kutakuja baadaye. Anayejenga setilaiti bila kuwahi kunasa hata moja hajui kitakachomsumbua. Hajaona jinsi mawimbi yanavyofika yakiwa dhaifu, jinsi dakika kumi zinavyoisha haraka, wala jinsi betri inavyochoka setilaiti ikiwa kwenye kivuli cha dunia. Ukishanasa chache, michoro ya kujenga yako utaisoma kwa macho mengine. Na setilaiti hizi zilipelekwa juu ili watu kama wewe wazisikilize.

Nadharia ni hii tu. Mwaka 1999 Jordi Puig-Suari wa Cal Poly na Bob Twiggs wa Stanford, vyuo vikuu vya Marekani, walipanga kipimo cha CubeSat: mchemraba wa sentimita 10 kila upande, ambao chuo kinaweza kuumudu. Nyingi kati ya hizi hutumia bendi za redio ya ridhaa, yaani redio ya watu wanaowasiliana kwa kupenda tu na si kwa biashara, hasa megahezi 145 na 435 hadi 438. Kenya imo kwenye historia hiyo. Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na Chuo cha Sapienza cha Roma, kilitengeneza 1KUNS-PF, mchemraba mmoja ulioachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018. Uliungua mwaka 2020 ulipokuwa ukirudi kwenye angahewa. Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023, ni setilaiti ya serikali ya kupiga picha za dunia na si ya ridhaa, kwa hiyo usianzie hapo hata kama ndiyo uliyoisikia kwenye habari.

Kuhusu sheria

Mwongozo huu ni wa kupokea tu. Kurusha mawimbi kwenye bendi za ridhaa kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya pamoja na alama ya mwito, yaani jina lako la hewani, ambayo hapa kwetu huanza na 5Z4. Zile redio za mkononi zinazouzwa mjini kwa bei nafuu zinaweza kurusha, kwa hiyo usibonyeze kitufe cha kuongea hata kwa kujaribu. Dongo ninalolitaja hapa chini halina uwezo wa kurusha, ndiyo maana nalipendekeza kwa anayeanza. Halafu baki kwenye bendi za ridhaa. Mawasiliano ya polisi na ya vikosi vya usalama hayakuhusu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Dongo la RTL-SDR. Ni kifaa cha USB chenye ukubwa wa flashi diski, kinachopokea takriban kuanzia megahezi 24 hadi 1,700. Tafuta toleo linalotaja TCXO, kwa sababu masafa yake hayahami ovyo linapopata joto.
- Laptop, au simu ya Android inayokubali waya wa OTG, ule wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu.
- Waya wa shaba wa stima wa msingi mmoja, mnene kiasi cha kusimama wenyewe, au fito nyembamba za alumini. Mita mbili zinatosha.
- Kile kipande cha plastiki chenye skrubu ambacho mafundi wa stima hutumia kuunganishia nyaya.
- Waya wa antena ya TV aina ya RG-6, mita 3 hadi 5, na kichwa cha kuugeuza uingie kwenye tundu la SMA la dongo.
- Bomba la PVC au mti mkavu wa kushikilia antena, tepu ya kupimia, bisibisi, utepe wa gundi.
- Earphones. Sauti ya paa la Nairobi ni kubwa kuliko ya setilaiti.

Waya, bomba na skrubu utavipata kwenye hadiwea yoyote ya mtaani, na fito za alumini ukiuliza mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Dongo na vichwa vya waya jaribu maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, au agiza mtandaoni. Tahadhari moja: madongo ya kutazamia TV yana sura ileile lakini si yote yenye chipu ya RTL2832U. Uliza chipu kabla ya kutoa pesa, na muuzaji asipojua, acha.

Hatua ya 1: Chagua setilaiti inayojisemea yenyewe

Hapa ndipo wengi huharibu kabla hata hawajagusa waya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Miongozo mingi ya mtandaoni imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na karibu yote itakuelekeza kwenye SO-50, inayosikika kwenye megahezi 436.795. Ni setilaiti nzuri, imekuwa juu tangu Desemba 2002. Tatizo ni kwamba kazi yake ni kurudisha sauti za watu. Lazima kwanza mtu wa chini, mwenye leseni, aiamshe kisha aongee. Ulaya daima kuna mtu. Afrika Mashariki wenye leseni wanaotumia setilaiti ni wachache, na SO-50 inaweza kupita juu ya Nairobi kutoka upeo hadi upeo ikiwa kimya kabisa. Mwanafunzi anakaa paani, hasikii kitu, anafikiri antena yake ni mbovu, anaibomoa. Antena haikuwa na kosa.

Miongozo ya zamani nayo itakuambia uanze na setilaiti za hali ya hewa NOAA-15, 18 na 19 kwenye megahezi 137. Zilizimwa mwaka 2025. Usizitafute.

Unachotaka ni setilaiti inayotuma yenyewe, saa zote au kila baada ya sekunde chache, awepo mtu au asiwepo. Hizi hapa za kufikiria:

- Kituo cha Kimataifa cha Anga, 145.825. Si setilaiti ndogo, lakini mawimbi yake yana nguvu na ndiyo mazoezi bora. Kikiwa kwenye mtindo wa pakiti, yaani vifurushi vifupi vya data, hutuma tangazo lake mara kwa mara na kurudisha pakiti za wengine. Sauti za wanaanga wakizungumza na shule, na picha za SSTV (picha zinazotumwa kama sauti) zinapotangazwa, hushuka kwenye 145.800.
- XI-IV, iitwayo pia CO-57, 436.848. Ilijengwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, ikarushwa tarehe 30 Juni 2003 pamoja na CubeSat za kwanza kabisa. Hutuma herufi za Morse, na iliendelea kusikika miaka mingi kupita matarajio ya waliojenga. Ni dhaifu, iweke kama mtihani wa pili.
- FUNcube-1, au AO-73, 145.935. Ilirushwa Novemba 2013 kwa ajili ya shule, kwa roketi moja na ZACube-1 ya Cape Town. Ilipangwa ipaze sauti ikiwa juani, ili darasa liweze kuinasa mchana.
- JY1SAT ya Jordan, 145.840, iliyorushwa Desemba 2018. Ina mtambo wa familia moja na FUNcube, na jina lake ni alama ya mwito ya marehemu Mfalme Hussein, aliyekuwa mwanaridhaa.

Setilaiti huzeeka, betri hufa, nyingine huungua. Kwa hiyo kabla ya kupanda paani fungua ukurasa wa hali za setilaiti wa AMSAT, shirika la setilaiti za redio ya ridhaa, kisha uitafute ileile kwenye mtandao wa SatNOGS, ambako vituo vya watu wa kujitolea duniani huweka walichonasa. Ukiona mtu ameinasa jana au juzi, hiyo ni hai. Ukiona mwezi mzima hakuna kitu, chagua nyingine. Huko SatNOGS utakuta pia CubeSat mpya za vyuo ambazo orodha hii haina.

Hatua ya 2: Iambie programu uko wapi na ni saa ngapi

Weka Look4Sat au Heavens-Above kwenye simu, au Gpredict kwenye laptop. Jaza mahali: latitudo -1.29, longitudo 36.82, kimo mita 1,700 hivi. Ukiulizwa gridi, ile alama fupi ya eneo wanayotumia wanaridhaa, Nairobi ni KI88.

Ile alama ya kutoa usiisahau. Ukiandika 1.29 bila alama hiyo, umejihamishia kaskazini ya ikweta, karibu na Maralal, takriban kilomita 290 kutoka ulipo. Programu haitalalamika. Itakupa saa na pembe zilizokosea kidogo tu, kiasi cha kukupotezea muda bila kukuonyesha kosa liko wapi.

Saa ndiyo mtego mwingine. Watu wa setilaiti hutumia UTC, na Nairobi iko mbele kwa saa 3. Lakini sisi tuna saa yetu pia, na kuna njia fupi: chukua saa ya UTC, toa 3, umepata saa ya Kiswahili. UTC 04:10 ni saa 1:10 asubuhi. UTC 16:20, toa 3 ubaki na 13:20, toa 12, ni saa 1:20 usiku. Mkiwa kikundi, andikeni UTC kwenye daftari na kwenye majina ya faili, mseme saa ya Kiswahili mkipangana kukutana. Ukiandika "saa moja" tupu kwenye ujumbe, mmoja atakuja asubuhi, wa pili jioni, na wa tatu saa saba usiku.

Sasisha data za njia, zile ziitwazo TLE, angalau mara moja kwa wiki. Programu nyingi zina kitufe cha kufanya hivyo.

Hatua ya 3: Tengeneza antena ya V

Kama dongo lako limekuja na antena ya kuvuta yenye mikono miwili, tumia hiyo kwa vipimo hivihivi.

1. Kata vipande viwili vya waya, kila kimoja sentimita 49 kwa bendi ya 145. Kwa bendi ya 437 kata jozi nyingine, kila kipande sentimita 16.5. Pima kuanzia pale waya unapotokea kwenye skrubu.
2. Nyoosha waya kwa kuuviringisha chini ya ubao. Waya uliopinda hufanya kazi, lakini vipimo vyake vinakudanganya.
3. Funga kila kipande kwenye skrubu yake. Kwa upande wa pili, menya waya wa RG-6: msingi wa katikati uende kwa mkono mmoja, wavu wa nje uende kwa mkono wa pili.
4. Tandaza mikono iwe V yenye pembe ya nyuzi 120, ikilala sambamba na ardhi. Chora pembe hiyo kwenye kipande cha katoni, uweke mikono juu yake.
5. Bana yote kwenye bomba la PVC kwa utepe wa gundi.

Kosa la kawaida hapa ni nyuzi nyembamba za wavu kugusa msingi wa katikati. Uzi mmoja tu unatosha kuua mawimbi yote. Baada ya kukaza skrubu, angalia kwa tochi ya simu. Kosa la pili ni kununua waya mrefu wa mita 20 ili ukae sebuleni antena ikiwa paani. Mawimbi hupotea ndani ya waya, na kwenye 437 hupotea zaidi. Afadhali upande mwenyewe.

Ukishazoea, jenga Yagi kwa bendi ya 145, yaani antena ya kuelekezwa, yenye vipande vilivyokatwa kutoka tepu ya chuma ya kupimia. Kwenye bomba la PVC weka kipande cha nyuma cha sentimita 105. Sentimita 20 mbele yake weka vipande viwili vya sentimita 45 kila kimoja, viachane sentimita 2.5 katikati. Sentimita 32 mbele ya hivyo weka kipande cha sentimita 89. Waya wa antena unafungwa kwenye vile viwili vya katikati, pamoja na kipande cha waya cha sentimita 13 kilichopindwa kama U kinachoviunganisha. Rangi ya tepu lazima ikwanguliwe kabla ya kulehemu. Hii unaishika mkononi na kuielekeza, na tofauti utaisikia mara moja.

Hatua ya 4: Weka programu na uijaribu kwa FM

Kwenye Windows weka SDR#, na utumie Zadig kuweka draiva ya dongo. Kwenye Linux au Mac tumia Gqrx. SDR++ ipo kwa zote, hata Android. Ukifungua, weka kituo chochote cha FM unachokijua. Kikisikika safi, dongo ni zima.

Halafu hamia 145.800 na uangalie ile picha inayoteremka kama maporomoko, ambayo kila mstari ni wimbi. Chomoa antena, kisha irudishe. Usuli ukipanda kidogo antena inaporudi, uko sawa. Ukiona mistari mingi ya vituo vya FM mahali ambapo hapastahili kuwa na FM, dongo limezidiwa. Minara ya Nairobi ina nguvu nyingi. Punguza geni, yaani kiasi cha kukuza mawimbi, hatua kwa hatua hadi mistari ya uongo ipotee. Usiache geni juu kabisa ukidhani ndiyo utasikia zaidi, kwa mji huu ni kinyume. Isipotosha, kuna kichujio kidogo cha kuzuia FM kinachofungwa kati ya antena na dongo.

Hatua ya 5: Chagua mpito unaofaa

Tuite kila kupita kwa setilaiti juu yako mpito. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, setilaiti inayozunguka kupitia ncha za dunia hutupitia mara nne hivi kwa siku, kwa kawaida mbili saa za kufuatana na nyingine mbili karibu saa 12 baadaye. Wenzetu wa Ulaya ya kaskazini wanapata mingi zaidi. Kwa hiyo usiupoteze uliopo.

Chukua mipito inayopanda zaidi ya nyuzi 40 juu ya upeo wa macho. Iliyo chini ya nyuzi 20 achana nayo kwa sasa, magorofa yataila. Andika mambo manne: saa inapochomoza, upande inakochomoza, kimo cha juu kabisa, na saa inapozama. Setilaiti za njia ya ncha hupita karibu kaskazini kwenda kusini au kinyume chake, kwa hiyo mdomo wa V uelekee kaskazini au kusini. Kituo cha Kimataifa cha Anga hupita kimshazari.

Hatua ya 6: Jipange paani

Ongea na keateka siku moja kabla. Mlango wa paa mara nyingi una kufuli, na setilaiti haisubiri funguo zitafutwe. Mweleze unachofanya na umwonyeshe ile antena, kwani mtu anayezungusha fito hewani huku amevaa earphones huwatia majirani wasiwasi. Kwa sababu hiyohiyo usiende kusikilizia karibu na kambi, kiwanja cha ndege wala jengo la serikali.

Paani simama mbali na tangi la maji, mabati na zile nyaya za chuma za kuanikia nguo. Waya wa kuanikia uliokaa mita moja kutoka kwa antena unavuruga kila kitu. Kama ni wa kamba ya plastiki hauna shida.

Usalama, na hapa sina mzaha: maploti mengi yana ukingo mfupi au hayana kabisa, na nyaya za stima hupita karibu na ukuta. Usirudi nyuma ukiangalia juu. Amua utakaposimama kabla ya mpito na usitoke hapo. Mawingu ya mvua yakikusanyika Aprili au Novemba, teremka hata kama mpito ni wa nyuzi 80. Kijana aliye chini ya miaka 18 asipande peke yake.

Hatua ya 7: Sikiliza na urekodi

1. Washa kila kitu dakika 10 kabla. Dongo linahitaji muda wa kupata joto lake.
2. Chagua mtindo sahihi: FM ya upana mdogo kwa 145.825 na 145.800, USB (hapa ni mtindo wa redio, si tundu la kompyuta) kwa Morse na kwa FUNcube.
3. Anza kurekodi dakika moja kabla ya kuchomoza. Rekodi ile data ghafi iitwayo IQ, kwa kipimo cha kilohezi 250. Kwa mpito wa dakika 10 itakula megabaiti mia tatu hadi mia sita. Ukiacha kwenye megahezi 2.4 itakula gigabaiti kadhaa na laptop nzee itakwama.
4. Tafuta wimbi juu kidogo ya masafa yaliyoandikwa. Setilaiti inakuja kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye 145 utaikuta hadi kilohezi 3 na nusu juu, na kwenye 437 hadi kilohezi 10 juu. Inapofika karibu nawe masafa yanateremka, na inapoondoka yanakuwa chini kwa kiasi kilekile.
5. Ukiwa na Yagi, ifuate taratibu na uzungushe kifundo cha mkono. Setilaiti inajibiringisha, na mkono ukigeuka robo duara sauti iliyopotea mara nyingi hurudi.

Angalia maporomoko. Wimbi la setilaiti huchora mstari unaojipinda, unaanza upande wa juu wa masafa, unakatiza kwa haraka katikati ya mpito, kisha unanyooka tena upande wa chini. Chaja ya simu, taa ya LED au ruta ya jirani huchora mstari ulionyooka, au unaotangatanga bila mpango. Kujipinda huko hakuna kifaa cha mtaani kinachokuiga. Ukikuona, piga picha ya skrini papo hapo.

Hatua ya 8: Isome data

Kwa pakiti za 145.825, peleka sauti kwenye programu ya Direwolf. Mstari unaoanza na RS0ISS umetoka kituoni. Alama nyingine ni za watu waliorusha pakiti zao zikarudishwa: ZS ni Afrika Kusini, 5H Tanzania, 5X Uganda, A6 Falme za Kiarabu, FR Réunion. Usishangae mpito mzima ukikupa mistari miwili tu. Anga letu lina watu wachache.

Kwa CubeSat nyingi za vyuo tumia gr-satellites, inayokwenda pamoja na GNU Radio na inayosoma mitindo mingi. FUNcube ina programu yake iitwayo Dashboard. Humo utaona volti ya betri, mkondo wa paneli za sola na halijoto za pande za setilaiti. Nasa mipito miwili, mmoja setilaiti ikiwa juani na mwingine ikiwa kivulini, uchore jedwali la halijoto. Mwalimu wa fizikia akilipata jedwali hilo, somo la joto na mnururisho limeshajifundisha nusu yake.

Hatua ya 9: Wapelekee wenyewe

Usikae na data yako. Fungua akaunti SatNOGS na upakie fremu, yaani vifurushi vya data, ulizosoma, au watumie kikosi cha setilaiti moja kwa moja. Andika saa ya UTC, gridi KI88, aina ya antena na dongo. Chuo chenye kituo kimoja cha ardhini huiona setilaiti yake kwa dakika chache tu kwa siku, na ikiwa juu ya Afrika Mashariki hawana macho. Wiki za kwanza baada ya kurushwa, fremu moja kutoka Nairobi inaweza kuwaambia kama betri inashika chaji. Vikosi vingi hujibu na kushukuru, na baadhi hutuma kadi ya QSL, ya kuthibitisha kwamba uliwasikia.

Mambo yakikataa

Hakuna wimbi lolote. Hakikisha kwanza setilaiti ni hai, kisha saa ya simu, kisha ile alama ya kutoa kwenye latitudo. Baada ya hapo kagua nyuzi za wavu kwenye skrubu. Kama ni Kituo cha Anga, redio zake huzimwa wanaanga wanapotoka nje au chombo kinapotia nanga, kwa hiyo jaribu siku nyingine.

Wimbi linaonekana lakini liko mbali na masafa yanayotarajiwa, mpito wote. Dongo lako limehama. Lisilo na TCXO linaweza kukosea kilohezi kadhaa kwenye 437. Pima kwa wimbi unalolijua, kisha rekebisha namba ya ppm, ile ya kusahihisha kosa la masafa, kwenye programu.

Sauti inasikika lakini Direwolf haiandiki kitu. Mara nyingi sauti ni kubwa mno, ipunguze. Hakikisha pia kinyamazisha kelele, yaani skwelchi, kimezimwa, kwa sababu hukata mwanzo wa pakiti. Kwa 437, huenda hufuati mabadiliko ya masafa, basi unganisha Gpredict na programu ya redio ikufanyie.

Mistari iliyonyooka imejaa kila mahali. Ni kelele za ploti. Chomoa chaja ya laptop utumie betri, kisha hamia kona nyingine ya paa. Ikibaki hivyo, nenda mahali wazi. Vilima vya Ngong vina upeo mpana, lakini nenda mchana na uwe na wenzako.

Simu haioni dongo. Waya wa OTG au nguvu ya betri. Simu nyingi hazitoi umeme wa kutosha, tafuta hab ya USB yenye umeme wake.

Sauti inapanda na kushuka kila sekunde chache. Hiyo si hitilafu, ni setilaiti inayojizungusha. Hesabu muda kati ya mishuko miwili, uandike kwenye ripoti yako. Wajenzi wanautaka.

Ukishaisoma data ya setilaiti mbili tatu na unataka kurusha, tafuta Amateur Radio Society of Kenya wakuelekeze kuhusu mtihani na leseni. Na anayetaka kujenga, akishapata leseni, aanze na bodi moja inayopima volti na halijoto kisha kutuma kwa Morse, aiweke upande wa pili wa mtaa, ajaribu kuinasa kwa antena ileile ya V.